Piga Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, katika ghala moja la Athi River nilikofanya kazi ya kupokea na kutoa mizigo kwa miaka 11. Foleni ya wenzangu ilikuwa imefika mlangoni, na huko barabarani utingo wa matatu ya Machakos alikuwa akiita abiria. Karani akanisogezea karatasi mbili na bahasha ya kaki. Nikatazama jumla iliyoandikwa chini, nikatazama mstari wa sahihi, nikatia sahihi.

Karatasi ile ilisema nimefanya kazi miaka 9. Ile miwili ya mwanzo, nilipokuwa kibarua wa kulipwa kila Jumamosi jioni, haikuwemo. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 18,000, na kwa kipimo cha sheria miaka miwili ilinipa haki ya shilingi 18,000 nyingine: mshahara wa mwezi mzima niliuacha juu ya meza ile. Nilikuja kulijua hilo baada ya miaka minne, wakati muda wa kwenda mahakamani ulikuwa umekwisha kupita.

Tangu nirudi nyumbani Mumbuni, Machakos, watu huniletea karatasi zao. Mimi si wakili, lakini nimesoma Sheria ya Ajira ya 2007 mara nyingi hadi kurasa zake zimelegea, na nimekaa na majirani wa kutosha kujua makosa yanayojirudia. Yote yana mzizi mmoja. Tunaanza kupiga hesabu baada ya kutia sahihi, na hesabu hiyo tunamwachia anayetulipa.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo moja ambalo wengi hulisikia kwa mshangao. Kenya haina posho ya serikali kwa mtu aliyepoteza kazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiagiza serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Lakini fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za wazee waliotimiza miaka 70, mayatima na watoto walio katika hatari, na watu wenye ulemavu mkubwa. Mtu wa miaka 38 mwenye afya, aliyefungiwa lango la kiwanda leo asubuhi, hana dirisha la kupangia foleni. Kinachosimama mahali pa posho ni malipo anayotoa mwajiri anapokupunguza. Mwajiri huyo huyo ndiye anayeyakokotoa, tena wakati ambao yeye mwenyewe analia kwamba hana fedha.

Kipimo kimewekwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira. Mwajiri akipunguza wafanyakazi kwa sababu kazi yenyewe imeondoka, si kwa kosa lao, lazima awalipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Siku 15 ni kiwango cha chini. Kama chama chenu kina mkataba wa pamoja na mwajiri, usome, kwa maana mingi hutoa zaidi ya hapo. Maneno mengine ya kuyaangalia kwa makini ni "mwaka uliotimia". Aliyefanya kazi miaka 9 na miezi 11 atalipwa ya miaka 9. Najua mtu aliyepunguzwa wiki tatu kabla ya kutimiza mwaka wake wa saba, na hakuna aliyevunja sheria kwa kumfanyia hivyo.

Sasa nikuonyeshe karatasi moja kwa ukaribu. Dada mmoja alinijia nyumbani, ameshika mfuko wa plastiki wenye stakabadhi za mshahara za miaka yote. Nilimwambia, "Karibu mwaitu, tuketi huku kivulini," tukazipanga juu ya mkeka mwaka baada ya mwaka, tukizikandamiza kwa vijiwe upepo usizipeperushe. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Aliingia Machi 2015, akapunguzwa mwisho wa Septemba 2024: miaka 9 na miezi 7. Mshahara wake ulikuwa shilingi 24,000. Mwezi wa mwisho alikuwa amelipwa. Karatasi aliyopewa ilikuwa na mstari mmoja tu: "Kiinua mgongo, shilingi 60,000," na chini yake maneno kwamba akitia sahihi hatadai kitu kingine chochote.

Tulianza na siku 15. Ukigawa 24,000 kwa 30 unapata shilingi 800 kwa siku. Mara 15 ni 12,000. Mara miaka 9 ni 108,000. Waajiri wengine hugawa kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi, na hapo siku moja ni shilingi 923. Jumla ya miaka 9 inapanda hadi 124,615. Tofauti ya shilingi 16,615 imejificha katika namba moja ya kugawia. Basi uliza: "Mmegawa kwa ngapi, na kwa nini?" Kama ovataimu na makato ya kutokuja kazini miaka yote yamekuwa yakihesabiwa kwa siku 26, sioni kwa nini siku ya kuondoka ihesabiwe kwa 30.

Kisha notisi. Sheria inataja notisi katika aya mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kutangaza nia. Angalau mwezi mmoja kabla, mwajiri aandikie chama cha wafanyakazi na afisa wa leba, aeleze sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama aandikiwe yeye binafsi, na afisa wa leba pia. Ya pili ni ya kukuachisha kazi wewe: mwezi mmoja wa notisi, au mshahara wa mwezi badala yake. Dada huyu hakuandikiwa lolote. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao karibu na vyoo Jumatatu, na kufikia Jumatano lango lilikuwa limefungwa. Tukaongeza shilingi 24,000.

Halafu likizo. Sheria inatoa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, na kwa aliyeondoka katikati ya mwaka, siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Likizo za nyuma alikuwa amezichukua, kwa hiyo tulihesabu miezi 7 tu: siku 12 na robo. Kwa shilingi 923 kwa siku, hiyo ni shilingi 11,307. Tulipojumlisha yote kwa hesabu ya chini, ile ya kugawa kwa 30, tulipata shilingi 143,307. Kwa ile ya 26, shilingi 159,922. Yeye alikuwa ameandikiwa 60,000.

Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote: "Lakini waliniambia kwa kuwa nalipiwa NSSF, sina haki ya hayo mengine?"

Hapo ndipo watu wengi wamepotelea. Sheria ina malipo mawili yanayofanana kwa mbali. Kuna malipo ya utumishi ya kifungu cha 35, anayopewa mtu kwa miaka aliyofanya kazi mkataba wake unapokatizwa kwa notisi. Hayo kweli humtenga mwanachama wa NSSF au wa mfuko mwingine wa pensheni. Na kuna malipo ya kupunguzwa kazini ya kifungu cha 40, ambayo hayamtengi mwanachama wa NSSF hata kidogo. Mwajiri anayekwambia NSSF imefuta siku zako 15 ameyatwika ya kifungu kimoja juu ya kingine. Inawezekana hata yeye hajui. Mwombe kwa upole akuonyeshe mahali palipoandikwa hivyo, kisha usubiri.

Jihadhari pia na jina wanalokupa sababu ya kuondoka. "Kuacha kwa hiari" hakukupi siku 15. "Mkataba umekwisha" hakukupi. "Utovu wa nidhamu" hakukupi pia, ingawa hata aliyefukuzwa kwa kosa lazima alipwe mshahara wake hadi siku ile na chochote alichokwisha kukichuma. Nimeona barua zilizoandikwa na ofisi, tayari kabisa, zikisema mfanyakazi ameomba mwenyewe kuacha kazi. Kama kazi imeondoka, barua iseme kazi imeondoka.

Vibarua wanahitaji aya yao wenyewe, maana ndio wengi. Pita Mlolongo au Athi River saa kumi na mbili asubuhi uone wanaume kwa wanawake wamesimama getini wakingoja kuitwa. Mtu husimama hapo miaka mitano, anaitwa kila siku, na bado anaamini hana haki kwa kuwa hana barua ya ajira. Kifungu cha 37 kinasema vingine. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kwa chini ya miezi mitatu kwa jumla, mkataba wake unageuka kuwa wa mwezi. Akiendelea miezi miwili au zaidi tangu aajiriwe, anastahili masharti ambayo angepata kama hangeanza kama kibarua. Ndiyo miaka yangu miwili ile. Tatizo ni ushahidi. Kwa hiyo, wewe wa getini, weka daftari. Andika tarehe, zamu, jina la msimamizi, kiasi ulicholipwa. Kama unalipwa kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Taarifa ya M-Pesa ya miaka kadhaa ni ushahidi mzito. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku zako za kazi ni mali.

Tahadhari na mikataba ya miezi mitatu mitatu inayoachwa pengo la wiki moja katikati, au siku mnapoambiwa kuanzia kesho mwajiri wenu ni wakala fulani, ingawa mashine ni ile ile na kiti ni kile kile. Miaka huanza kuhesabiwa upya kimya kimya. Siku hiyo omba kwa maandishi: miaka yangu ya nyuma inahamia kwa mwajiri mpya, au nalipwa sasa?

Kuhusu NSSF yenyewe, mengi yamebadilika, na mabadiliko hayo yamewapa watu matumaini yasiyo mahali pake. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200. Sheria mpya ya 2013 ilikaa mahakamani karibu miaka kumi, hadi Mahakama ya Rufani ilipofungua njia Februari 2023. Sasa ni asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, na kikomo cha mshahara unaohesabiwa kimekuwa kikipanda: shilingi 18,000 mwaka 2023, 36,000 mwaka 2024, 72,000 mwaka 2025. Kwa mshonaji wetu wa 24,000, makato yalitoka 200 hadi 1,080, kisha 1,440, na mwajiri kiasi hicho hicho. Fungu limekua. Lakini mlango wa kulitolea haujasogea. Kwa kawaida lazima utimize miaka 50 na uwe umeacha kazi ya mshahara, au ufikie miaka 60, au uwe umepata ulemavu wa kukuzuia kufanya kazi. Ukipunguzwa ukiwa na miaka 38, fedha hizo zitakuona kwa mbali kwa miaka 12. Usizihesabu katika karo ya Januari. Kinachokupasa kufanya ni kuomba taarifa ya michango yako, ofisini kwao au Huduma Centre pale Machakos, na kuilinganisha na stakabadhi zako. Ukikuta mwezi uliokatwa lakini haukupelekwa, ripoti mapema, kabla kampuni haijafilisika.

Mimi naona hapa kuna kasoro ya nchi. Tumebadilisha namna ya kukokotoa tunachotoa, hatujagusa namna ya kumsaidia aliyekosa kazi leo. Na wala sheria haikusahau. Kifungu hicho hicho cha 40 kinampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni za kuwalazimisha waajiri wawakatie wafanyakazi bima ya kupoteza ajira. Maneno hayo yamekuwepo tangu 2007, na mshonaji wa Athi River bado hana bima hiyo.

Majirani zetu wa Tanzania walithubutu. Sheria ya 2018 iliyounganisha mifuko ya pensheni ilileta fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake hupata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Wa shilingi 300,000 za kwao hupata kama 100,000 kwa mwezi. Si nyingi, na watu walinung'unika, kwa sababu fao la kujitoa, lililomruhusu mtu kuchukua michango yake yote akiacha kazi, liliondolewa. Nawaelewa. Hata hivyo, kuwa na theluthi ya mshahara mikononi kwa miezi sita ni bora kuliko kuwa na fungu lote mahali usipoweza kulifikia.

Tukiidai bima hiyo kwetu, na tuidai, tutazame pia vikomo vyake. Wenye ndugu Marekani wanajua kwamba kila jimbo hujipangia posho yake. Julai 2013, North Carolina ilishusha kiwango cha juu kutoka dola 535 kwa wiki hadi 350, ikapunguza muda kutoka wiki 26 hadi kati ya 12 na 20, na ikabadilisha miezi ya mshahara inayotumika kukokotoa. Posho ilibaki na jina lile lile. Kwa hiyo mbunge akija kukwambia posho inakuja, muulize ni asilimia ngapi, ya mshahara wa kipindi gani, kwa miezi mingapi, na nani atakayefungiwa nje. Kama vibarua wa getini hawamo, hiyo haijatufaa sisi wa Kaunti ya Machakos.

Mpaka siku hiyo, fanya haya. Karatasi ikiletwa mbele yako, omba kuipeleka nyumbani. Haina haja ya ugomvi; sema, "Naomba niisome na familia, nitairudisha Jumatatu." Sahihi chini ya maneno "sitadai tena" inaweza kukufunga kweli kweli, mahakama zimewahi kuiheshimu. Wakikukataza kuondoka nayo, ipige picha. Wakisisitiza upokee fedha hapo hapo, andika kwa mkono wako kwamba unapokea sehemu tu ya malipo huku ukidai salio.

Omba cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, hata kama mmeachana vibaya.

Nenda ofisi ya leba. Huduma haina malipo. Aliyeachishwa kwa njia isiyo ya haki ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miaka mitatu ya kufungua kesi. Mimi nilikosa kwa mwaka mmoja. Kesi za mtu ambaye mshahara wake haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi zinaweza kusikilizwa na hakimu, kwa hiyo wa Machakos na Mavoko hana haja ya kuhangaika hadi Nairobi. Usipoteze muda katika mahakama ya madai madogo; mambo ya ajira si yake.

Bima ya afya nayo huwa haikumbukwi. Mwajiri akiacha kukukata asilimia 2.75 ya SHA, unakuwa mchangiaji wa kujitegemea. Piga *147# ubadilishe hali yako, ukadiriwe upya kipato cha nyumba yako. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini kwa kawaida hulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Toa hizo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au mgonjwa wa sukari.

Na deni la SACCO: nenda uwaone kabla hawajakutafuta. Wadhamini wako ni wafanyakazi wenzako, na huenda nao wamepunguzwa siku hiyo hiyo. Omba muda mrefu wa kulipa. Usinunue pikipiki wiki ya kwanza, wala ploti ya Joska unayoonyeshwa na mtu aliyejua siku uliyolipwa.

Yule dada alirudi kwangu baada ya wiki tatu. Alikuwa ameandika barua ya ukurasa mmoja, hesabu zote zikiwa zimepangwa mstari kwa mstari, akaipeleka kwa mwajiri na nakala kwa afisa wa leba. Alinionyesha nakala yake, akaweka kidole kwenye muhuri wenye tarehe. Waliitwa kikaoni. Mwajiri akakubali mwezi wa notisi, akakubali likizo, akakubali siku 15 kwa miaka yote 9. Kilichobaki kinabishaniwa ni kugawa kwa 30 au kwa 26. Kikao kingine kimepangwa, na amenunua daftari jipya kwa ajili yake.